UZI: Kukuza jamii ya watazamaji ndege wa Magharibi, Kisumu na Nakuru kwenye mitandao midogo

Shorobo_Kakamega (mwanzilishi wa uzi)

Mulembe wadau. Uzi huu ni wa yeyote anayetaka kukusanya watazamaji ndege wa upande wetu, kuanzia Nakuru kushuka Kisumu hadi Busia, kwenye mitandao midogo: Telegram, Mastodon, Bluesky na iNaturalist (mtandao wa kurekodi viumbe unaowaona). Naweka mpangilio ninaouamini, kisha wanaoujua kila mtandao kwa undani wanirekebishe.

Kinachoua jamii ndogo ni picha isiyojibiwa. Mtu ameamka saa kumi na moja alfajiri, amekanyaga umande, amempiga picha ndege mdogo wa kahawia, anauliza, "Huyu ni nani?" Siku ya tatu hakuna aliyesema neno. Hagombi na hatoki kwa kishindo. Ananyamaza, na haulizi tena. Kwa hivyo watu wa kujibu watangulie, wafuasi baadaye.

Anza na watu kumi na wawili. Waalike mmoja mmoja kwa ujumbe wa kila mtu, ukimwambia kwa nini yeye hasa. Watatu wawe wanaotambua ndege kwa sauti. Waongoza wageni wa Msitu wa Kakamega wana masikio ya kazi hiyo. Wawili wawe na kamera zenye lenzi ndefu. Tafuta mwalimu mmoja wa klabu ya mazingira, mmoja wa Dunga (ufuo wa Ziwa Victoria, Kisumu) anayeyajua mafunjo, mmoja wa upande wa Ziwa Nakuru. Wanne waliobaki wawe wanaoanza kabisa, kwani ndio wenye maswali. Ukijaza mabingwa watupu, kila mtu atangoja mwenzake aanze.

Kabla ya kumfungulia mlango mtu wa kumi na tatu, hao kumi na wawili waweke posti kama 30: kumi za utambuzi zilizokwisha kujibiwa, kumi za orodha za matembezi (mahali, saa, spishi ngapi), tano za maelekezo ya kufika mahali, na tano za maswali ambayo bado yako wazi. Hizo za mwisho msiziache. Mgeni anayekuta kila kitu kimeshajibiwa hana pa kuingilia.

Vyumba viwe vitatu tu. Telegram inakuruhusu kugawa grupu kwa mada, na hapo ndipo wengi hujikwaa: wanafungua mada kumi siku ya kwanza, ya tai, ya bundi, ya ndege wa maji, ya kamera, ya vitabu. Watu ishirini kwenye vyumba kumi ni wawili kila chumba, na kila chumba kinaonekana mahame. Fungua "Huyu ni nani?", "Matembezi" na "Mazungumzo". Chumba cha nne kifunguliwe pale tu mada moja inapoanza kuyafunika maswali ya utambuzi wiki tatu mfululizo.

Kila Jumapili jioni hesabu mambo matatu na uyaandike daftarini: maswali yaliyoulizwa, yaliyojibiwa ndani ya saa 24, na watu tofauti waliojibu. Hesabu ya tatu ndiyo ya kuangalia zaidi. Maswali arobaini yakijibiwa yote na mtu mmoja, mna mwalimu na wanafunzi wake, na akishikwa na malaria wiki mbili mlango unafungwa. Lenga watu watano tofauti wa kujibu kwa wiki kabla ya kutangaza popote.

Mwisho, jina. Usitumie hashtegi ya #Ndege peke yake. Kwa Kiswahili ndege ni huyu wa mabawa na ni ile ya abiria, kwa hivyo utachanganyika na habari za viwanja na marubani. Chagua #NdegeMagharibi ama #NdegeWaKisumu, herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno ili programu za kuwasomea wasioona ziyatamke maneno vizuri.

---

Mafunjo_Dunga

Amosou uru. Nakubaliana na Shorobo, ila "kujibiwa" kuna namna zake. Jibu la neno moja linaua swali kama kimya tu. Mtu anauliza, anaambiwa "gonolek" (jina la Kiingereza la ndege), basi. Hajajifunza kitu, na mara ijayo ataleta ndege yuleyule.

Jibu liwe na sehemu tatu: jina, alama mbili zinazoonekana kwenye picha hiyohiyo, na ndege anayefanana naye pamoja na tofauti yao. Nachukua mfano wa hapa ziwani, kwa sababu swali hili haliishi. Kando ya Dunga kuna ndege wawili wenye tumbo jekundu la kuwaka na mgongo mweusi. Mgeni akileta picha, mjibu hivi:

"Huyo ni Laniarius mufumbiri. Alama ya kwanza, utosi wake ni wa manjano. Ya pili, tazama bawa, kuna mstari mweupe. Anayefanana naye ni Laniarius erythrogaster, ambaye kichwa chake ni cheusi chote na bawa halina mstari mweupe. Tena mufumbiri hatoki kwenye mafunjo, ilhali mwenzake utamkuta hata kwenye vichaka na bustani."

Ni dakika mbili za kuandika. Aliyeuliza sasa anaweza kumjibu anayefuata, na hivyo ndivyo hesabu ya tatu ya Shorobo inavyopanda. Mwanachama akijibu mara ya kwanza, hata akikosea kidogo, anza na alichokipata: "Umeona vizuri mkia, sasa tazama na mdomo." Anayeaibishwa mbele ya watu hamtamsikia tena.

Tena jamani, majina ya lugha za nyumbani yakaribishwe. Mtu akiandika jina la Kijaluo, Kiluhya ama Kikalenjin, msimwambie alete "jina lenyewe". Mwulizeni ni la kijiji gani, kisha mliweke kando ya jina la kisayansi. Wazee wengi wanawajua ndege hawa kuliko sisi, na jina ndilo mlango wao wa kuingilia.

---

Hondohondo_2

Na tuseme ukweli, watu wako WhatsApp. Mama wa Mumias hawezi kupakua Mastodon kwa ajili ya picha ya ndege. Kwa nini tunajitesa na mitandao isiyo na watu?

---

Nyota_ya_Yala

@Hondohondo_2 hoja yako ina uzito, lakini WhatsApp iwe kibaraza, nyumba iwe kwingine. Nina sababu tatu.

Ya kwanza ni namba za simu. Kwenye grupu la WhatsApp kila mwanachama anaiona namba ya mwenzake. Dada akiingia kuuliza kuhusu mdiria, jioni anapigiwa simu na mtu asiyemjua. Dada wengi hutoka kwa sababu hiyo na hawaisemi, admini anabaki kushangaa mbona grupu limejaa wanaume. Telegram unaficha namba: Mipangilio, Faragha, Namba ya simu, chagua Hakuna mtu. Maelekezo hayo yawe ujumbe wa kwanza anaoupata mgeni, kabla hata ya karibu.

Ya pili ni kumbukumbu. Jibu zuri kama la Mafunjo hapo juu likiwekwa WhatsApp, kesho limezikwa chini ya picha za "asubuhi njema". Telegram anayeingia leo anaweza kusoma ya mwaka jana, mradi admini amewasha historia ionekane kwa wageni. Angalieni mpangilio huo, kwa sababu grupu dogo la Telegram huweza kuanza ukiwa umezimwa.

Ya tatu ni ukubwa. Grupu la WhatsApp linaishia watu 1,024, la Telegram hufika 200,000. Hatutafika huko wala hatuhitaji, kwa hivyo sababu hii ni nyepesi kuliko mbili za kwanza.

Lakini Telegram nayo msiitegemee peke yake. Novemba 2023 ilikuwa shida kuipata nchini, na Novemba 2024 ikazimwa tena kwa sababu ya udanganyifu wa mtihani wa kidato cha nne, KCSE. Novemba ndiyo ndege wageni wa kutoka Ulaya na Asia wameshajaa kwenye vinamasi vyetu, yaani msimu wenyewe. Kufikia mwisho wa Septemba kila mwanachama awe anajua mahali pa pili pa kukutana, na awe ameshaingia huko walau mara moja. Anayetafuta mlango wa dharura siku ya dharura haupati.

---

Njoro_Juu

Niongeze upande wa Mastodon, kwani watu wanaingia kwa mazoea ya mitandao mikubwa kisha wanalalamika hawaonekani.

Hakuna mtambo wa kukusukuma mbele. Posti zinakwenda kwa mpangilio wa saa, na anayekuona ni anayekufuata, anayefuata hashtegi yako, ama anayemfuata mtu aliyekusambaza. Tangu toleo la 4.0 la 2022 mtu anaweza kufuata hashtegi kama anavyomfuata mtu. Hapo ndipo penye nguvu yenu: mwambieni kila mwanachama afuate #NdegeMagharibi siku anapojiunga. Utafutaji wa maneno ya kawaida msiutegemee, kwa sababu unaleta posti za waliokubali tu watafutwe, na si kila seva (kompyuta inayoendesha tawi moja la Mastodon) imeuwasha.

Kosa kubwa zaidi ni kufungua seva yenu wenyewe mapema. Sauti ya "seva yetu" ni tamu, lakini posti inafika seva nyingine pale tu mtu wa huko anapokufuata ama inaposambazwa kwao. Seva ya watu tisa inajiona yenyewe tu. Ukitafuta hashtegi humo unakuta posti nne, ukidhani dunia nzima haipendi ndege. Anzeni kwenye seva iliyopo. Kabla ya kujiandikisha fungua ukurasa wake wa maelezo na usome mambo matatu: kanuni, nani anaisimamia, na gharama inalipwa na nani. Seva ya msimamizi mmoja asiyetaja pesa zinatoka wapi inaweza kutoweka wakati wowote.

Mkihama, wafuasi wanakuja nanyi lakini posti zinabaki mlikotoka, na ukishahama husubiri siku 30 kabla ya kuhama tena. Chagueni kwa utulivu.

Posti yenyewe: herufi 500, picha nne. Msijaze zote nne na pembe ileile. Picha moja ya karibu, moja inayoonyesha mazingira, kisha maelezo ya picha kwa wasioona. Usiandike "ndege" halafu ukaishia hapo. Andika: "Hondohondo mweusi na mweupe juu ya mtini, mdomo mkubwa wenye kofia, ametazama kushoto." Watu wa Mastodon wanalijali sana hili, na wengi hawasambazi picha isiyo na maelezo.

Na tafadhali msiunganishe boti (programu inayojiendesha) la kunakili posti kutoka mtandao mwingine. Watu wanajibu, boti halijibu, na baada ya mara tatu wanaiacha akaunti.

---

Tai_wa_Menengai

Bluesky kwa ufupi. Herufi 300, ilifunguliwa kwa kila mtu bila mwaliko Februari 2024. Ina vitu viwili vya kuwafaa.

Kuna orodha ya kuanzia, iliyoletwa Juni 2024: unaweka hadi watu 150, na mgeni akifungua kiungo kimoja anawafuata wote kwa mkupuo. Msijaze 150. Wekeni 25 walioposti ndani ya mwezi uliopita, na muipitie kila tarehe mosi. Orodha yenye akaunti zilizolala inamfanya mgeni aone ukurasa mtupu siku ya kwanza.

Kisha kuna mlisho maalumu, unaokusanya posti kwa kanuni mnayoiweka wenyewe. Unatengenezwa kwa huduma za nje kama SkyFeed ama Graze, huhitaji kuandika msimbo. Hapa ndipo onyo la Shorobo linauma: mkiweka neno "ndege" kama chambo, mtavua Boeing. Wekeni hashtegi zenu mbili tatu pamoja na majina ya kisayansi ya ndege kumi wanaoulizwa sana, kisha mkatae posti zenye "rubani", "abiria" na "uwanja wa ndege". Uangalieni mlisho kwa wiki mbili, mwongeze maneno ya kukataa kadiri takataka zinavyoingia.

Nakuru tuna swali moja linalorudi kila mwezi: heroe wameenda wapi? Andaeni jibu lililobandikwa juu. Maji ya ziwa yalipanda, chumvi ikapungua, mwani wanaokula ukapungua pamoja nayo, wakasambaa kwenda Bogoria na maziwa mengine ya magadi. Swali hilo linaleta watu wengi kutoka nje ya jamii, kwa hivyo jibu liishie na kiungo cha "Huyu ni nani?".

---

Kweche_Mdogo

Wakubwa, shikamooni. Swali la anayeanza: bando. Picha za kamera ni nzito, na wengi wetu tunanunua za siku moja. Tunafanyaje?

---

Njoro_Juu

@Kweche_Mdogo marahaba. Kata kwanza, punguza baadaye, tuma mwisho. Ukipunguza kabla ya kukata, ndege anabaki na vidoa kumi.

Kata hadi ndege achukue kama theluthi moja ya picha, ukiacha tawi ama maji aliyosimamia, kwa sababu mahali ni alama ya utambuzi. Kisha shusha upande mrefu hadi pikseli 1,600 na uhifadhi kama JPEG ya ubora wa 80 hivi. Picha ya MB 6 inashuka hadi karibu KB 400. Kwa picha ishirini umetoka MB 120 hadi MB 8. Programu za bure za kuhariri kwenye simu zinafanya hivyo bila intaneti.

Kwenye Telegram zima upakuaji wa kujiendesha wa picha na video unapotumia data ya simu. Iko Mipangilio, Data na hifadhi. Anayeposti naye aandike maelezo kamili chini ya picha, ili mwenye bando dogo ajue kama afungue ama apite: mahali kwa jumla, saa, ukubwa akimlinganisha na shomoro ama njiwa, alikuwa anafanya nini.

Ukiwa na Wi-Fi pakua Merlin (programu ya simu ya kutambua ndege) na kifurushi chake kinachohusu Kenya, kisha utaitumia msituni bila mtandao. Ila jibu la programu ulilete kama dhana. Mwambie mtu kwamba Merlin imependekeza jina fulani, kisha utaje wewe mwenyewe umeona alama gani.

---

Nyota_ya_Yala

Kuna jambo ambalo lisipowekwa mapema, jamii yenu itawadhuru ndege inaowapenda. Viota.

Korongo taji, Balearica regulorum, yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, na anazaliana kwenye vinamasi vya huku kwetu, mara nyingi katikati ya mashamba ya watu. Makinda yake yanakamatwa na mayai yanachukuliwa. Picha moja ya kiota yenye jina la kijiji inatosha kumfikisha mwizi. Kwa hivyo kanuni iwe moja na isiyojadiliwa: hakuna kiota, hakuna yai, hakuna kinda asiyeweza kuruka, kwenye chumba chochote. Admini anafuta kwanza, anaeleza baadaye kwa ujumbe wa faragha na kwa upole, kwani wengi hawajui.

Kwa bundi na tai wakubwa, taja kaunti tu, na ungoje wiki mbili kabla ya kuposti.

Sasa iNaturalist. Kwenye kila rekodi kuna mpangilio wa faragha ya mahali. Ukichagua kuficha, watu wanaonyeshwa nukta ya kubahatisha ndani ya kisanduku cha digrii 0.2 kwa 0.2. Hapa kwetu, karibu na ikweta, hicho ni kama kilomita 22 kila upande. Rekodi yenyewe bado ina faida kwa utafiti. Lakini kuna mianya miwili. Ukiiacha wazi rekodi nyingine uliyoweka dakika kumi kabla, palepale, umeshamwonyesha mtu njia. Na ukiandika kwenye maelezo "nyuma ya shule ya msingi", kisanduku hakina kazi tena.

Mwanya wa tatu uko kwenye picha yenyewe. Simu huandika nukta za GPS ndani ya faili. Ukituma Telegram ama WhatsApp kama picha ya kawaida, nukta hizo huondolewa. Ukituma kama faili ili ubora usipungue, zinakwenda zote. Wenye kamera nzuri hupenda kutuma kama faili, na ndio wenye picha za ndege adimu. Zimeni eneo kwenye kamera ya simu kabla ya kuingia kinamasi.

---

Shorobo_Kakamega

Asante dada Nyota. Nimelinakili hilo lote, litakuwa kanuni ya kwanza.

Nibaki kwenye iNaturalist kidogo, maana ndiyo njia ya kupata watu ambayo wengi hawaioni. Fungua mradi wa aina ya mkusanyiko, weka kundi la Aves (yaani ndege) na kaunti mnazozitaka. Mradi wa aina hii hauhitaji mtu kujiunga. Unavuta wenyewe kila rekodi inayokidhi masharti, hata za miaka iliyopita. Kisha tazama waliorekodi zaidi na waliotambua zaidi. Hao ni majirani zenu wanaofanya kazi hii kimya kimya. Usiwarushie kiungo. Tambua kwanza rekodi zao kumi kwa uangalifu, acha maelezo ya maana, halafu mwandikie mmoja. Rekodi hufika daraja la utafiti ikiwa na tarehe, mahali, picha ama sauti, ndege akiwa wa porini, na zaidi ya theluthi mbili ya waliotambua wakikubaliana. Kwa hiyo ukimtambulia mtu umempa kitu anachokihitaji kweli.

---

Pentadi_Tupu

Nileteeni watu wa ramani pia. Mradi wa Kenya Bird Map umegawa nchi kwa visanduku vya dakika 5 kwa dakika 5, karibu kilomita 9 kila upande, vinaitwa pentadi. Unarekodi kwa programu ya BirdLasser: angalau saa mbili za kutazama, spishi kwa mpangilio ulioziona.

Hii ni kazi ya pamoja inayofaa jamii ndogo kuliko shindano la picha. Shindano la picha linamfaidi mwenye lenzi ghali, na mwenye simu anajiona hana nafasi. Kwa pentadi, mwenye macho na masikio anatosha. Kila mwezi chagueni pentadi moja yenye orodha chache, mtangaze wiki mbili kabla, na baada ya siku hiyo orodha iwekwe kwenye "Matembezi".

Kalenda nyingine mnayo tayari: sensa ya ndege wa maji Januari, siku kubwa za kuhesabu ndege za eBird (tovuti ya orodha za ndege) Mei na Oktoba, ndege wageni wa kaskazini kuanzia Septemba hadi Aprili. Wakati mgumu ni pale kina kweche wanapovua rangi na wote wanakuwa kahawia wenye michirizi. Maswali yanaongezeka, majibu yanapungua. Wiki hizo wekeni watu wawili wa zamu.

---

Hondohondo_2

@Nyota_ya_Yala nimekubali hoja ya namba za simu, sikuwa nimeifikiria. Na waongoza wageni je? Wao wanaishi kwa kazi hii. Mkiwakataza matangazo watatoka, mkiwaachia grupu litakuwa soko.

---

Mafunjo_Dunga

Wapeni Ijumaa. Tangazo moja kwa mtu kwa wiki, kwenye "Mazungumzo", lenye bei, mahali, saa ya kuanza na idadi ya watu. Tangazo lisilo na bei linafutwa, kwa sababu "njoo inbox" ndiyo inayoleta ugomvi. Na mwongozaji aliyejibu walau maswali matatu wiki hiyo ndiye anayetangaza. Hapo kila mmoja anapata: jamii inapata majibu ya anayejua, yeye anaonekana anajua, na mteja anamchagua kwa majibu yake.

Matembezi ya kukutana ana kwa ana yasizidi watu 12. Zaidi ya hapo wa nyuma hawaoni kitu na ndege wanasikia viatu. Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, malizeni saa tatu. Darubini moja kwa watu watatu ndiyo kiwango cha chini. Kupiga sauti ya ndege kwa spika ili ajitokeze kukatazwe kabisa kwenye mafunjo. Ndege anaacha kulisha makinda aje kupigana na simu.

---

Tai_wa_Menengai

Suala la admini limesahauliwa. Wawe watatu, wa kaunti tofauti, mmoja angalau awe mwanamke. Umiliki wa grupu la Telegram unaweza kuhamishwa, lakini mwenye grupu lazima awe amewasha uthibitisho wa hatua mbili siku saba kabla, na awe ameingia kwenye simu hiyo zaidi ya saa 24. Mwenye grupu akipoteza simu na laini kabla ya kuhamisha, hakuna njia ya mkato, umiliki unakwama hadi aipate tena akaunti yake. Washeni leo, nenosiri la pili liandikwe kwenye karatasi na liwekwe nyumbani.

Dhidi ya matangazo ya mikopo na sarafu za kidijitali: zima ruhusa ya wanachama kuongeza watu, weka mwaliko wa kuidhinishwa na admini, na anayeingia azuiwe kutuma viungo siku yake ya kwanza. Boti la kusimamia grupu kama Rose linaweza kusaidia. Swali la kuingilia liwe rahisi, "Taja ndege mmoja uliyemwona wiki hii na mahali." Hata shomoro anatosha. Walaghai wengi hawajibu.

Na orodha ya wanachama yenye majina na namba ni taarifa binafsi chini ya sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019. Msimpe mtu yeyote, hata mfadhili wa fulana. Mwalimu akileta watoto wa klabu, waposti kupitia akaunti ya mwalimu, na picha za nyuso za watoto zisiwekwe bila idhini ya wazazi.

---

Kweche_Mdogo

Nimeandika rasimu ya ujumbe wa kubandika juu. Naomba msahihishe:

"Karibu Ndege Magharibi. 1) Ficha namba yako kwanza: Mipangilio, Faragha, Namba ya simu, Hakuna mtu. 2) Hakuna viota, mayai wala makinda. 3) Ukiuliza, taja kaunti, saa, ukubwa na alichokuwa akifanya. 4) Ukijibu, toa jina, alama mbili na anayefanana naye. 5) Matangazo ni Ijumaa, yenye bei. 6) Telegram ikizimika tukutane Mastodon, #NdegeMagharibi."

---

Nyota_ya_Yala

Nzuri sana. Ongeza kwenye 2: "wala eneo la bundi na tai". Na kwenye 3, "kaunti" ibaki hivyo hivyo, mtu asije akaandika kijiji.

---

Shorobo_Kakamega

Na 4, ongeza "jina la lugha ya nyumbani ukilijua". @Kweche_Mdogo ukimaliza kusahihisha, wewe ndiye utakayeubandika. Zamu ya kwanza ya kujibu ni yangu na Mafunjo, Jumatatu hadi Jumatano. Njoro na Pentadi wachukue Alhamisi hadi Jumapili kama wanakubali.

---

Njoro_Juu

Nakubali.

---

Pentadi_Tupu

Nami pia. Jumamosi nitachelewa hadi saa nne asubuhi, nitakuwa shambani.